Mikahawa ya ajabu jijini Tokyo: Kahawa inapoletwa na mtu aliyelala kitandani

IWAPO utajaliwa kuzuru Tokyo, jiji kuu la Japani, huenda siku moja ukaketi mezani ukingoja kahawa, kisha ukaona roboti nyeupe yenye kimo cha mtoto wa shule ikija taratibu na sinia mikononi. Itasimama kando yako na kukusalimu. Sauti utakayoisikia si ya mashine wala haikurekodiwa. Ni ya mtu aliye hai, ambaye wakati uo huo amelala kitandani kwao, pengine mamia ya kilomita kutoka hapo, na huenda hawezi kuinua hata mkono wake.

Mkahawa huo unaitwa DAWN na uko katika mtaa wa Nihonbashi. Tutaurejelea baadaye, kwa kuwa ndio uliotusukuma kuandika makala haya. Lakini ili msomaji aelewe jinsi jambo kama hilo lilivyowezekana, hana budi kwanza kutembezwa katika mikahawa mingine ya jiji hilo. Kwa zaidi ya miaka 20 sasa, watu wa Tokyo wamekuwa wakilipa pesa ili wale wakiwa ndani ya jela za kuigiza, katika vijiji vya majasusi wa kale, juu ya mashua na katikati ya paka.

Wakenya wanaofika huko si haba. Kuna wanafunzi, wafanyabiashara wa magari na, zaidi ya wote, wanariadha. Machi 2022, Eliud Kipchoge na Brigid Kosgei walishinda mbio za Tokyo Marathon kwa upande wa wanaume na wanawake. Mgeni wa aina hiyo, baada ya kuzoea wali na samaki, huanza kuuliza ni wapi anaweza kula mahali ambapo akirejea nyumbani atakuwa na la kusimulia.

Kwa nini Tokyo? Jiji hilo pamoja na miji inayolizunguka lina wakazi wapatao milioni 37, na nyumba nyingi ni ndogo mno. Mtu hawezi kuwaalika wenzake kumi wa kazini katika chumba ambamo hata meza ya watu wanne haitoshei. Kwa hivyo starehe, mazungumzo ya biashara, uchumba na hata ugomvi hufanyikia mikahawani.

Sababu nyingine ni majengo yenyewe. Katika mitaa kama Shinjuku, Shibuya na Ikebukuro, mikahawa mingi haiko barabarani. Imepangwa kwenye majengo membamba ya orofa sita au nane, kila orofa na biashara yake, na anayepita njiani huona tu ubao wa majina kando ya lifti. Mwenye mkahawa katika orofa ya saba hana dirisha la kuonyesha chakula chake. Hawezi kumvuta mpita njia kwa moshi wa nyama, jinsi wafanyavyo wachomaji wa Kenyatta Market, Nairobi. Kilichobaki ni kumpa mteja sababu ya kubonyeza kitufe cha lifti.

Mtu aliyelielewa jambo hilo mapema ni mfanyabiashara Matsumura Atsuhisa. Mwaka wa 2001 alifungua mtaani Ginza mkahawa ulioitwa Vampire Cafe, wenye majeneza, misalaba na mapazia mekundu, ukiigiza makao ya wafu wanyonya damu wa hadithi za Ulaya. Kampuni yake, Diamond Dining, ilijiwekea lengo ambalo wengi wangeliona kuwa wazimu: kuwa na mikahawa 100, na kila mmoja uwe na mandhari yake yasiyorudiwa kwingine. Lengo hilo lilitimia mwaka wa 2010. Yeyote aliyewahi kuendesha hata kibanda cha chai atatambua uzito wake. Ni orodha 100 za vyakula, aina 100 za mavazi ya wahudumu, na mapambo ambayo hayawezi kuhamishwa kutoka mahali pamoja hadi pengine.

Mwaka uo huo wa 2001 ndipo mkahawa wa Ninja Akasaka ulipofungua milango. Mteja alipokelewa na mhudumu aliyevaa nguo nyeusi tangu utosini hadi unyayoni, akapitishwa kwenye njia yenye giza na mlango wa siri hadi kwenye kijichumba kilichofanana na pango, kisha akaletewa orodha ya vyakula iliyokunjwa kama waraka wa kale. Kwenye mikahawa ya The Lockup nako, mgeni alitiwa pingu mlangoni na kupelekwa katika seli. Alikunywa vinywaji vilivyoletwa katika vichupa vya maabara, na ghafla taa zikazimwa ili wahudumu waliovaa kama mazimwi wapite wakipiga mayowe na kugonga vyuma.

Kilele cha mambo haya kilikuwa Robot Restaurant, uliofunguliwa mwaka wa 2012 katika eneo la burudani la Kabukicho. Wenyewe walitangaza kwamba ujenzi wake uligharimu yeni bilioni 10, zaidi ya dola milioni 100 wakati huo. Wachezaji walipanda juu ya mashine kubwa zilizometameta, ngoma zikavuma, na taa zikamwacha mtazamaji akipepesa macho. Chakula kilikuwa cha kufungwa kwenye kisanduku, na hakuna aliyedai kuwa alikwenda pale kwa sababu ya ladha.

Msomaji atakuwa ametambua kwamba tunatumia wakati uliopita. Janga la Covid-19 lilipozuka mwaka wa 2020, Japani ilifunga mipaka yake, na watalii wanaojisafiria wenyewe hawakuruhusiwa tena kwa jumla hadi Oktoba 2022. Robot Restaurant ulifungwa mwaka wa 2020 na haukufunguliwa tena katika hali yake ya awali. Kawaii Monster Cafe wa Harajuku, uliobuniwa na msanii Sebastian Masuda na kufunguliwa mwaka wa 2015, ambamo wageni walikula tambi za rangi za upinde wa mvua, ulifungwa Januari 2021. The Lockup nao ulifunga mlango wake wa mwisho mwaka wa 2022. Anayetumia kitabu cha zamani cha utalii atajikuta akipanda lifti hadi kwenye mlango uliofungwa kwa kufuli.

Janga hilo lilikuwa msiba kwa mikahawa ya kila aina, wala haitakuwa haki kusema kwamba iliyofungwa ilikuwa mibaya. Hata hivyo, kuna jambo linaloonekana wazi. Mkahawa ambao mvuto wake wote uko katika mapambo humhitaji mteja mgeni kila siku. Zimwi la The Lockup humshtua mtu mara ya kwanza. Mara ya tatu hata zimwi lenyewe huona haya.

Mkahawa wa Zauo una siri tofauti, nao ungali unavutia familia za Wajapani kwa Wajapani. Ndani ya ukumbi mna bwawa la maji ambamo samaki wanaogelea, na wateja huketi juu ya mashua ya mbao. Kila meza hukodishiwa mshipi na chambo. Ukimnasa samaki, wahudumu hupiga ngoma na kukushangilia, kisha hukuuliza unataka apikwe vipi: aliwe mbichi, achomwe kwa chumvi, akaangwe, au nusu hivi na nusu vile. Jambo la kukumbuka ni kwamba samaki uliyemvua mwenyewe bei yake huwa nafuu kuliko yule uliyemwagiza kwa mhudumu, na ukishamnasa huwezi kumrudisha majini. Mzazi aliye na watoto watatu wenye mishipi mitatu na ahesabu kwanza pesa zake.

Mvuvi wa Lamu au wa Ziwa Victoria atacheka kusikia kwamba kuna watu wanaolipia kazi anayoamkia alfajiri. Lakini mtoto wa Tokyo aliyezoea kumwona samaki akiwa vipande kwenye karatasi ya plastiki ya dukani huondoka Zauo akijua kwamba chakula chake kilikuwa na macho, kilipigania uhai wake, na kikashindwa.

Mtaa wa Akihabara, unaojulikana kwa maduka ya vifaa vya umeme na vibonzo, una mikahawa ya vijakazi. Wa kwanza wa kudumu, Cure Maid Cafe, ulifunguliwa mwaka wa 2001. Msichana aliyevaa kama mtumishi wa nyumba za mabwanyenye wa Ulaya ya kale humlaki mteja kwa maneno yenye maana ya kwamba bwana amerejea nyumbani. Humwandikia mchoro kwa mchuzi wa nyanya juu ya wali uliofunikwa kwa yai, na katika mikahawa mingine humtaka waimbe pamoja ili chakula kipate utamu. Ni marufuku kumgusa mhudumu. Ni marufuku kumpiga picha bila idhini, na picha ya kumbukumbu hulipiwa. Mara nyingi mteja hutozwa pia ada ya kuketi, kwa saa moja hivi, mbali na bei ya chakula.

Nakiri kwamba mkahawa wa aina hii haukunivutia niliposoma habari zake. Neno kijakazi katika pwani yetu lina historia chungu, na si rahisi kulifanya mchezo. Wajapani wenyewe huuona kama mchezo wa kuigiza ambao pande zote mbili zinajua mipaka yake. Msomaji na ajiamulie.

Mikahawa ya paka, nayo, watu wengi hudhani ilizaliwa Japani, kumbe wa kwanza ulifunguliwa Taipei, Taiwan, mwaka wa 1998. Ilifika Osaka mwaka wa 2004, kisha Tokyo ikaipokea kwa mikono miwili. Chanzo chake ni makali ya maisha ya mjini: nyumba nyingi za kupangisha haziruhusu wapangaji kufuga mnyama. Mfanyakazi anayeishi pekee hutoka ofisini, akavua viatu mlangoni, akanawa mikono, akalipia nusu saa au saa nzima, kisha akaketi sakafuni akingoja paka aamue kama anataka kumkaribia. Paka aliyelala haamshwi. Kahawa yenyewe mara nyingi ni ya mashine, na hakuna anayelalamika.

Tatizo ni kwamba biashara haikukomea kwa paka. Walifuata bundi, kisha nungunungu wadogo, kisha fisi maji. Fisi maji wa Asia wenye makucha madogo walipendwa mno hivi kwamba wakaanza kusafirishwa kwa magendo kutoka nchi za Kusini-Mashariki mwa Asia. Mwaka wa 2019, mkutano wa nchi wanachama wa mkataba wa CITES uliofanyika Geneva ulipiga marufuku biashara ya kimataifa ya mnyama huyo. Bundi ni ndege wa usiku, naye hufungwa kamba mguuni akapapaswa mchana kutwa chini ya taa. Ukisikia mkahawa wa aina hiyo, nenda kwa paka.

Sasa tugeukie mikahawa ambayo jambo lake la pekee halimo katika kuta wala katika bwawa. Limo katika mtu anayekuletea chakula.

Mwaka wa 2017, mtayarishaji wa vipindi wa shirika la utangazaji la NHK, Shiro Oguni, aliandaa jijini Tokyo mkahawa wa siku chache ulioitwa Mkahawa wa Maagizo Yaliyokosewa. Wahudumu wote walikuwa wazee wanaoishi na ugonjwa wa kusahau. Wazo hilo lilimjia alipokuwa akipiga picha katika makao ya wazee wa aina hiyo. Alitarajia kula nyama ya kusaga, akaletewa maandazi madogo ya nyama. Alikuwa karibu kusema kwamba kuna kosa, akatazama huku na huku, akaona kila mtu anakula kwa furaha. Akanyamaza, akala.

Katika mkahawa wake, mteja aliingia akijua kwamba huenda akaagiza tambi akaletewa kitu kingine, au mhudumu akaketi naye mezani akasahau kilichomleta. Waandaaji walijiwekea masharti mawili. Kwanza, chakula chochote kitakachofika mezani kiwe kitamu. Pili, wasiweke mitego ya kumfanya mzee akosee, kwa kuwa hakuja kuchekwa. Alikuja kufanya kazi, na wengi wao walijitahidi wasikosee. Karibu watu watatu kati ya kila 10 nchini Japani wana umri wa miaka 65 au zaidi, kwa hivyo karibu kila mteja alikuwa na mama, shangazi au jirani wa kumfikiria. Mkahawa huo hauna makao ya kudumu. Umekuwa ukiandaliwa mara kwa mara mahali mbalimbali, na mgeni hana budi kuulizia kabla ya safari.

Magharibi mwa Tokyo, katika mji wa Kunitachi, kampuni ya Starbucks ilifungua Juni 2020 duka la kahawa ambalo wafanyakazi wake wengi ni viziwi na lugha yake kuu ni ya ishara. Asiyeijua huonyesha kwa kidole au huandika. Kwa hili, Mkenya hahitaji hata pasipoti: Pallet Cafe wa Lavington, Nairobi, ulijipatia jina kwa kuwaajiri viziwi kuwa wahudumu, na wateja wakajifunza kuagiza kwa ishara.

Hapa ndipo tunaporejea DAWN. Mwanzilishi wake, Kentaro Yoshifuji, alikosa kuhudhuria shule kwa takriban miaka mitatu na nusu akiwa mtoto kwa sababu ya maradhi. Upweke wa kipindi hicho ulimfanya, alipokuwa mtaalamu wa mitambo, ajiulize kama roboti inaweza kumpeleka mtu mahali ambapo mwili wake haufiki. Roboti aliyoibuni aliiita OriHime. Ile ndogo huwekwa mezani. Kubwa yake, OriHime-D, ina kimo cha sentimita 120, inatembea na inabeba vitu.

Roboti hiyo haijifikirii. Yote inayoyafanya yanaamuliwa na rubani, jina wanaloitwa wafanyakazi wanaoiongoza kutoka nyumbani au hospitalini. Baadhi yao wana ALS, maradhi yanayodhoofisha misuli hadi mgonjwa asiweze kutembea, kula wala kusema, ilhali akili inabaki timamu. Kuna walioumia uti wa mgongo. Kuna pia wasioweza kutoka nyumbani kwa sababu wanamtunza mgonjwa. Anayeweza kutumia kidole hutumia kidole. Asiyeweza huongoza kwa macho: kompyuta hufuatilia mboni zake zinapotua juu ya kila herufi au alama kwenye skrini.

Mkahawa ulijaribiwa kwanza Novemba na Desemba 2018 katika mtaa wa Akasaka, ukiwa na marubani 10. Walilipwa yeni 1,000 kwa saa, karibu Sh900 kwa thamani ya wakati huo. Kwa baadhi yao lilikuwa jambo geni kabisa, kupokea ujira kwa kazi iliyofanywa na mtu aliyelala chali. Duka la kudumu lilifunguliwa Nihonbashi Juni 2021, siku ambazo mikahawa mingine ya mandhari ilikuwa ikifungwa mmoja baada ya mwingine.

Mteja anaweza kuingia akanunua kinywaji kama katika mkahawa wowote, ila meza za kuhudumiwa na kuzungumza na rubani ni vyema zihifadhiwe mapema, nazo hulipiwa. Usistaajabu roboti ikiuliza umetoka wapi na kwenu hali ya hewa ikoje. Rubani hajatoka nje kwa muda mrefu, naye huuliza akitaka jibu.

Mambo machache kuhusu pesa. Japani hakuna bahashishi, na ukiacha noti mezani huenda mhudumu akakukimbilia barabarani akidhani umesahau. Katika mikahawa ya pombe utaletewa kijisahani cha chakula ambacho hukuagiza. Kina bei yake, nayo itaonekana kwenye hesabu. Na popote panapotajwa ada ya kuketi, uliza kama ni ya saa nzima au ya nusu saa.

Roboti kubwa ya DAWN ina chanzo ambacho Yoshifuji amekisimulia mara nyingi. Katibu wake, Banda Yuta, aligongwa na gari akiwa na umri wa miaka minne, akapooza kuanzia shingoni kwenda chini. Alifanya kazi zake zote kutoka kitandani kwa roboti ndogo ya mezani, akiandika kwa kuendesha kompyuta kwa kidevu. Siku moja Yoshifuji alimtania kwamba katibu gani huyo asiyeweza hata kumwandalia mkubwa wake kahawa. Banda akamjibu kwamba basi amtengenezee mwili wa kufanyia kazi hiyo. Wakaanza kuubuni pamoja. Banda alifariki mwaka wa 2017, mwaka mmoja kabla ya kikombe cha kwanza kubebwa.